Mashine ya Kwetu

Kuna neno moja ambalo mpaka leo mtu akilitamka ofisini masikio yangu husimama, nalo ni "kwetu". Nyumbani lisemeni mpendavyo. Arusini, matangani, hewala. Lakini bosi akikwambia "kwetu", muulize papo hapo: kwetu wapi? Mke wangu aliniuliza hivyo hivyo, nami nikamwona hajui mambo, kwa kuwa yeye ni mtu wa Kibokoni hapa Mombasa, hajapata kulala nje ya kisiwa ila alipokwenda kuzika Malindi. Kumbe asiyejua mambo ni mie.

Nitaeleza, ila mnistahimili, maana sikusoma. Chuoni, kwenye Kurani, nilipita juzuu chache, skuli ya serikali nikatoka darasa la tatu: mwalimu alikuwa na mkono mzito na mie nilikuwa na miguu myepesi. Kuandika huku nimejifunza ukubwani, kwa kusoma maandishi ya magunia na makasha. Basi habari zangu haziendi moja kwa moja kama reli. Huingia kichochoro kimoja zikatokea kwengine.

Kazi yangu ilikuwa magogo. Mtu akisikia Mombasa hufikiri samaki na meli, hakuna anayefikiri magogo. Lakini hiyo milango ya Mji wa Kale mnayoisimamia kupigwa picha ilikuwa miti. Vitanda vilikuwa miti. Mbao wanazopanga chini ya shehena melini ili isilowe, miti. Mie nilianza na boriti za mikoko, Bandari ya Kale, tukizibeba begani kutoka ufuoni mpaka kwenye lori, na bega langu la kulia hadi leo liko chini kuliko la kushoto. Fundi cherehani akinishonea kanzu hunung'unika. Halafu boriti zikaadimika, nikaenda Mbaraki kwenye yadi ya magogo ya tajiri mmoja, na huko nikakalishwa kwenye mashine.

Kukalishwa, si kufundishwa. Aliyekuwa akiiendesha aliugua tumbo, msimamizi akatazama huku na huku akaniona mie. "Wewe, panda." Nikapanda. Sikushuka tena mpaka nywele zikawa nyeupe.

Mashine yenyewe tulikuwa tukiiita Ajuza. Ilikuwa winchi kuukuu, yenye miguu ya minyororo kama kifaru cha vita na mkono mrefu wa chuma juu, na asubuhi ilibidi ibembelezwe kama bibi kizee aliyenuna. Ikikohoa mara ya kwanza, wacha. Ikikohoa mara ya pili, tia mafuta kidogo. Moshi wake ulikuwa ukianguka juu ya kanzu za watu waendao sala ya Ijumaa, nikatukanwa mie. Kiti chake kilikuwa kimepasuka, nikakishona mwenyewe nikakijaza usufi, kwa hiyo kilikuwa kiti cha winchi na godoro la arusi kwa pamoja. Nilikipenda kiti kile. Nasema kweli, sioni haya.

Chini yangu alikuwa mshika mnyororo. Huyu alikuwa mtu wa Rabai, Mkristo, mfupi, mwenye viganja vipana. Kazi yake ni kupitisha mnyororo chini ya gogo, kuufunga, kisha kunipa amri ya kuinua. Na amri yetu haikuwa "inua". Ilikuwa "bismillahi". Aliweka kiganja juu ya gogo, akasema "bismillahi" kwa sauti, ndipo mie nikainua. Neno hilo alilirithi kwa mzee aliyeshika mnyororo kabla yake, na pale yadini halikuwa neno la dini hasa. Maana yake ilikuwa: vidole vyangu vimetoka, sasa ni juu yako. Bila bismillahi, hakuna kuinua. Alikuja kibarua mmoja akapiga kelele, "Inua, inua!", nikazima mashine nikamwangalia tu mpaka akajua.

Mwenzangu yule alikuwa akinitania. "Mchungaji wangu akinisikia hapa, ataniondoa kwenye kwaya."

"Na kadhi akinisikia ninavyoitukana hii Ajuza?"

"Wewe huna pa kuondolewa. Kwaya hujui, na msikitini wakaa nyuma karibu na viatu."

Basi ndivyo tulivyokuwa. Enzi nzuri, mabehewa yalikuwa yakishuka kutoka bara yamebeba magogo ya mvule na msanduku na misonobari, utomvu ukinuka mpaka mtu akila mahamri aona kama yamekaangwa kwa gundi. Wapasuaji wako kwenye msumeno mkubwa, wapimaji wako na chaki zao, wapangaji mbao wanaimba. Pale yadini ungeweza kugombana na watu wengi kwa siku moja na bado wakabaki ambao hamjasalimiana.

Ilipoingia miaka ya tisini, magogo yakaanza kupungua. Hatukuambiwa kwa nini. Mara behewa, mara malori, mara kungoja. Walisema misitu huko bara imebanwa, wengine wakasema imekatwa ikaisha, na hayo mawili yakiwa pamoja wala hayagombani. Tulilojua sisi ni kuwa meneja alikuwa akimwita mtu baada ya chai ya saa nne, na mtu yule hutoka ofisini na shati la kazi limekunjwa kwapani. Tulikuwa tukitazama chini. Ukimtazama, kama waweza kuambukizwa.

Na hao walikwenda wapi? Hapo ndipo penye uchungu. Mtu wa msumeno mkubwa, aliyekuwa akisikiliza gogo kwa sikio kabla ya kulipasua, nilimwona Marikiti akisukuma mkokoteni wa vitunguu. Wapangaji mbao walikwenda kusimama langoni Kilindini na vibarua wengine, lakini bandari nayo ilikuwa imeshaingiwa na makontena, na kontena halitaki bega la mtu. Hata mie nilikwenda kujaribu, siku moja nilipopewa ruhusa. Nikamwambia karani wa langoni kuwa ni mtu wa winchi.

"Cheti?"

"Cheti cha nini, mwanangu?"

"Cha kuendesha."

"Nimeendesha tangu hujazaliwa."

"Basi lete cheti cha tangu sijazaliwa."

Watu wakacheka, nami nikacheka nao, ndiyo adabu. Ajuza haitoi vyeti. Nikarudi Mbaraki kwa miguu nikijua jambo moja: nje ya kiti kile chenye usufi, mie si mtu wa mashine. Ni mzee tu mwenye bega moja chini. Nikikosa kiti, nimekosa kazi, na kazi nyengine haiko.

Sasa mjue kwa nini niliposikia habari ya mashine mpya nilipoteza akili.

Meneja wetu alikuwa mtu wa bara, kutoka huko kwenye misitu na baridi, Mkristo mwenye tai na sweta hata mwezi wa pili. Kiswahili chake kilikuwa safi cha vitabuni, ila salamu zake fupi. Sisi watu wa Mombasa twaulizana habari ya mzazi, ya mtoto, ya kikohozi, ndipo twafika kwenye neno. Yeye hufungua mlango na neno. Alikuwa mtu mwema. Hilo ndilo linalonikera mpaka leo. Natamani angekuwa mbaya nikampa laana yangu nikalala.

Siku hiyo alitoka ofisini anacheka. Sisi tumebaki wachache, tumekaa juu ya gogo lisilo na mteja.

"Wazee, nina habari njema. Mashine ya kwetu imefika bandarini."

Mshika mnyororo akasimama. "Ya kwetu?"

"Ya kwetu kabisa! Mpya, iko kwenye turubali. Ina makucha, inakamata gogo yenyewe na kulibeba. Nimeingoja mwaka mzima."

Mie sikuuliza kitu. Niliitazama Ajuza nikaiona mzee mwenzangu, nikasema moyoni, pumzika bibi, nimepata mwengine. Ndivyo moyo wa binadamu ulivyo.

Nilifika nyumbani nikavua viatu mlangoni nikamwita mke wangu kwa sauti ya mtu aliyepandishwa cheo. Yeye alikuwa akikaanga viazi vya karai vya kuuza jioni. Nikamwambia mashine mpya imekuja.

"Nani amesema?"

"Meneja. Amesema mashine ya kwetu imefika."

"Kwetu wapi?"

"Kwetu, yadini! Wee mwanamke, kwetu kungapi?"

Akageuza viazi. "Yeye kwao ni huku?"

"Anafanya kazi huku."

"Nimekuuliza kwao."

"Haya, kaanga viazi."

Jioni hiyo barazani, kwenye kahawa, niliitangaza mashine mpaka muuza kahawa akasahau kunidai kikombe. Nilisema ina makucha, ina taa, ina kiti cha sponji. Nani ataiendesha? Nikaweka mkono kifuani. Wakaniambia hongera, na mmoja akaomba nimkumbuke mwanawe wakianza kuandika watu. Nikamwambia nitaona. Nitaona! Mimi!

Mwenzangu wa mnyororo hakufurahi sana. Kesho yake alinifuata chini ya mkono wa Ajuza.

"Yakhe, mashine yenye makucha yataka mnyororo wa nini?"

"Lazima mtu asimame chini amwongoze wa juu."

"Makucha yana macho?"

"Hayana, ndiyo maana watakutaka. Nani atasema bismillahi?"

Akacheka, lakini nilimwona akivitazama viganja vyake.

Mashine iliposhushwa, meneja alinijia mwenyewe. Akasema anayetakiwa kuiendesha hajafika, na bandari haitaki ikae pale, kila siku inayokaa ni gharama. "Mzee, wewe ndiye fundi. Tusaidie kuitoa, tuilete mpaka yadini." Mie hapo sikusikia "hajafika". Nilisikia "mpaka yadini", nikasikia "wewe ndiye fundi".

Tulikwenda naye Kilindini. Wallahi ilikuwa kitu. Ya manjano, magurudumu yake yamenipita kimo, makucha yamefumbwa kama mkono wa mtoto aliyelala. Ndani hamna mikono mirefu ya kuvutana nayo kama Ajuza, mna vijiti vifupi viwili, laini, wavishika kwa vidole kama unavyoshika tende. Na maandishi hamna mengi, mna picha. Kwenye kidude cha mwendo wamechora kobe upande mmoja na sungura upande wa pili. Nikacheka peke yangu. Nikasema, basi hawa waliotengeneza, huko kwao baridi, walijua duniani kuna watu wa darasa la tatu. Nikaweka kwenye kobe. Nikatoka nayo langoni, palepale alipokuwa karani wangu wa cheti, nikampungia mkono. Hakunikumbuka. Nilimkumbuka mie, ilitosha.

Kutoka Kilindini mpaka Mbaraki si mbali, lakini nilikwenda kobe njia nzima, na sikutaka pafike.

Basi tukaipokea. Na hapa ndipo tulipofanya lile jambo ambalo mtu mwengine asingelifanya, ila sisi. Tuliiosha chumvi ya bahari kwa maji baridi, tukaifuta kwa matambara. Mke wangu, pamoja na maswali yake, alileta chetezo na ubani, akaufukiza moshi chini ya magurudumu na kwenye makucha, akasema jicho la watu lina nguvu. Halwa ikaja kwenye vikapu vidogo vya ukindu, na kahawa chungu. Mshika mnyororo akaleta madafu kutoka kwao Rabai. Tukasoma Fatiha, naye akainamisha kichwa akaomba kivyake. Na wale walioachishwa wakasikia, wakaja, wamevaa nguo safi kama watu waendao kuposa. Yule wa msumeno mkubwa alikuja ameuacha mkokoteni wake nje ya lango.

Akaninong'oneza, "Wataandika watu?"

"Subiri. Mashine kubwa yataka watu."

Nilimjibu hivyo nikiwa nimekaa juu kwenye kiti cha sponji, miguu inaning'inia.

Meneja alisimama kati yetu, halwa mkononi, ameguswa sana. Nilimwona machoni. Akasema, "Asanteni sana wazee. Kweli watu wa Pwani mna utu. Nikiwaambia watu wa kwetu kuwa mashine yao imefukiziwa ubani Mombasa, hawataamini."

Watu walikuwa bado wanatafuna. Mie nikashuka pole pole.

"Mashine yao? Akina nani?"

"Watu wa kwetu."

"Kwetu si hapa?"

Akanitazama, akatutazama wote, akaitazama halwa. Ndipo akaelewa tulivyoelewa, na uso wake ukabadilika rangi. "Kwetu, mzee. Kwetu nyumbani. Si mnajua tajiri amefungua kiwanda cha kupasua mbao kule kule msituni, karibu na kijiji changu? Mashine ni ya huko. Inapita tu hapa mpaka lori lake lipatikane."

"Na magogo?"

"Magogo hayatashuka tena mazima. Yatapasuliwa huko, zishuke mbao tayari ndani ya kontena, moja kwa moja melini."

"Na hapa?"

"Hapa?" Akatafuta neno, akapata alilopata. "Hapa ni kwenu, mzee."

Hakulisema kwa ubaya. Alitaka kunipa heshima, kama umwambiavyo mgeni jisikie nyumbani. Lakini sijapata kupigwa kofi zito kama lile. Huku ni kwetu, naam, hewala, hakuna wa kubisha. Yadi tupu ni yetu, Ajuza ni yetu, msumeno uliosimama ni wetu. Kazi ni ya kwao.

Halafu yule mtu wa msumeno akapangusa midomo akasema, "Alhamdulillahi. Tumemfukizia ubani mchumba wa mtu."

Watu wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Mie sikucheka. Mke wangu aliinua chetezo chake chenye makaa bado, akaenda zake nyumbani. Niliporudi jioni aliniwekea chai, hakusema neno. Afadhali angesema. Barazani ndiko walikosema. Tangu siku ile jina langu likawa Bwana Arusi. "Bwana Arusi, bibi arusi keshakwenda kwao?" "Bwana Arusi, mkeo yuko kwenye kobe au sungura?" Hata muuza kahawa akakumbuka kikombe chake.

Nilijaribu tena, msidhani sikujaribu. Nilimfuata meneja ofisini nikamwambia nichukue niende nayo, nitalala hata kwenye kibanda, baridi nitaizoea. Akanikalisha, akaniambia kwa upole kuwa huko vijana wamejaa wanangoja, na opareta ni mtu wa kijijini kwake, ameshapelekwa kufundishwa. Nikamuuliza, vipi mshika mnyororo? Akasema mashine ile haitaki mnyororo. Nikamuuliza, na Ajuza? Hapo akaanza kupanga makaratasi mezani yaliyokuwa yamepangika tayari.

Opareta alipofika nilitaka nimchukie. Nilijitayarisha. Alikuwa mtu mzima, wa makamo, amevaa koti, jasho linamtoka, ana begi dogo. Alikaa na sisi kwenye gogo akapewa chai ya tangawizi ikamkereketa koo. Kabla sijaanza kumchukia akaniuliza, "Mzee, nasikia wewe ni mtu wa winchi. Hapa bandarini kuna kazi za winchi?"

Nikafikiri ananidhihaki. "Wewe una mashine mpya wataka kazi ya nini?"

"Mashine mpya, ndiyo. Msitu je?" Akaweka kikombe. "Pale nilipozaliwa, tulikuwa tukikata mti, tunauburuta kwa ng'ombe, kijiji kizima kinakula. Hii itamaliza mlima kwa msimu mmoja. Sasa nikimaliza mlima, naendesha nini? Na wanasema msitu wenyewe utafungwa. Nikamwambia mke wangu, nikifika Mombasa nitauliza. Mombasa kuna kila kitu."

Mshika mnyororo akamgeukia. "Wale wa ng'ombe wako wapi?"

"Wako nyumbani. Wananiamkia kwa ubaya siku hizi. Wanasema nimewala."

"Nao walipata mtu wa kuwaambia hapa ni kwenu?"

Yule bwana hakufahamu. Sisi wawili tulicheka, na kicheko hicho hakikuwa kitamu. Ndugu zangu, yeye alikuwa amekuja bandarini kuitafuta kazi yetu, nami nilikuwa tayari kupanda bara kwenda kuitafuta yake, na kote hakukuwa na kitu. Nikamwambia, bandarini wanataka cheti. Akatoa chake mfukoni, kimefungwa kwenye nailoni. Nikamwambia, basi nenda kajaribu. Alikwenda. Alirudi kabla ya adhuhuri, akakirudisha cheti kwenye nailoni. Sikumwuliza walimwambiaje. Nilijua, na nilifurahi kidogo, na kufurahi kule kukaniuma zaidi kuliko yote.

Siku ya kuipakia mashine kwenye trela, opareta hakuweza kuona magurudumu ya nyuma. Akatuomba tumwongoze. Mwenzangu akasimama chini kwenye ubao wa kupandia, mkono juu, kushoto kidogo, kulia kidogo, na ilipokaa sawa akaweka kiganja kwenye gurudumu akasema "bismillahi" kwa mazoea. Yule bwana akachungulia, "Nini?" Mwenzangu akasema, "Hakuna. Nenda." Trela ikaondoka, ikashika njia ya Makupa, ikapita Kibarani kwenye moshi wa takataka, makucha yamefumbwa vile vile. Meneja naye hakukaa sana baada yake, aliitwa akasimamie kiwanda. Alikwenda kwao. Alituaga mmoja mmoja kwa mkono, na mkono wangu aliushikilia sana.

Sisi tulitolewa baada ya chai, kama wenzetu. Mwisho hakukuwa na wa kututazama wala wa kutazama chini.

Nilidhani yamekwisha. Baada ya mwezi hivi, akaja mtu nyumbani, dalali wa vyuma vikuukuu. Amenunua Ajuza kwa uzito wake, na hajui kuiwasha. Kila anayejaribu, inakohoa na kunyamaza. Wamemwambia yuko mzee mmoja Mji wa Kale, Bwana Arusi, ulizeni kwa jina hilo. Kazi ya siku moja, aniambia, uitoe yadini uifikishe kwangu Shimanzi.

Mke wangu akasema, "Usiende."

Nilikwenda. Mtu wa mashine akiitwa kwenye mashine, hukaa nyumbani? Na ndiyo kazi pekee ya winchi niliyopewa tangu siku ile, na sikupewa nyengine. Nikampitia mshika mnyororo, aliyekuwa akiuza makaa kando ya njia. Akasema, "Mie sizikani na chuma." Nilipoiwasha, ikakohoa mara ya kwanza nikawacha, mara ya pili nikatia mafuta kidogo, ikawaka, nikamwona amesimama langoni na kitambaa chekundu mkononi. Akatangulia mbele akisimamisha magari, nami nyuma yake, miguu ya chuma ikikwaruza lami, madereva wakitutukana njia nzima. Hatukuwajibu. Tulikwenda polepole kuliko kobe.

Shimanzi waliniambia niizime. Nikazima. Nikashuka. Nikauliza kama naweza kukichukua kiti, dalali akasema vyote vimeshapimwa pamoja. Winchi yake, mpya, ikashusha makucha juu ya mgongo wa Ajuza. Mshika mnyororo akasogea mbele, akaweka kiganja chake kipana kwenye ubavu wake, akafungua mdomo.

Hawakumngoja. Aliye juu hakujua kama kuna neno la kungojwa. Ikainuliwa, na mwenzangu akauvuta mkono kwa upesi hata akaanguka kitako, vidole vyake vyote salama, usufi wa kile kiti changu ukatumwagikia kichwani, nasi tukarudi kwa miguu.